Tulivyoanua matanga ya shule ya kuchora

Mtu akifariki mtaani kwetu, kila mmoja anajua la kufanya. Turubai linafungwa, viti vinakodiwa, daftari la rambirambi linapita mkono kwa mkono, na kina mama wanaingia jikoni bila kuitwa. Lakini shule ikifungwa, hakuna anayejua la kufanya. Watoto wanaambiwa "mtapata nyingine", geti linatiwa kufuli, na Jumatatu watu wanaendelea na shughuli zao.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu ilipofungwa shule ndogo ya sanaa ambayo mpwa wangu alikuwa akienda kila Jumamosi. Ninaposema shule, mzazi mwenzangu, usifikirie jengo la ghorofa. Ilikuwa vyumba viwili vya kupanga, baraza, na mwembe mmoja mkubwa, huku Temeke. Mwalimu ni mzee aliyeandika mabango ya maduka na saluni kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, kisha akaamua kufundisha watoto kuchora. Ada ilikuwa Sh10,000 kwa mwezi. Asiyekuwa nayo alipewa ufagio, akafagia majani ya mwembe, kisha akakaa mkekani na wenzake.

Mwenye kiwanja alifariki, warithi wakauza, na mnunuzi anataka kujenga fremu za maduka. Hakuna aliyevunja sheria, na notisi ilitolewa mapema. Mwalimu alizunguka kutafuta pengine, lakini kila alikofika aliambiwa alipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wazazi tulichanga. Hatukufika hata nusu.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Wiki yangu hupita kwenye chanjo, malaria, lishe na mikutano ya waganga wakuu. Sikutarajia kwamba ningekuja kuandika kuhusu shule ya kuchora kwenye ukurasa huu wa familia. Ninaandika kwa sababu ya mtoto mmoja.

Mtoto aliyenyamaza

Shemeji yangu alifariki mwaka juzi. Mwanawe alikuwa na miaka minane. Siku ya mazishi hakulia, na watu wakamsifu kwamba ana moyo. Wiki iliyofuata tukagundua kwamba hazungumzi pia. Akiulizwa anaitikia kwa kichwa. Darasani alikaa kimya mpaka mwalimu wake wa darasa akampigia simu dada yangu kuuliza kama mtoto ana tatizo la masikio.

Nilijua kidogo kuhusu hali hiyo kwa sababu ya kazi yangu. Watoto hawaombolezi kama sisi. Mtu mzima huingia kwenye huzuni na kukaa humo. Mtoto huingia na kutoka: asubuhi analia, mchana anacheza rede, jioni anauliza baba atarudi lini ingawa alimwona akizikwa. Wengine hurudia kukojoa kitandani baada ya miaka mingi ya kuacha. Wengine huumwa tumbo kila siku ya shule, hukosa usingizi, au hushuka kimasomo. Na wengine hunyamaza, hao ndio tunaowasahau upesi, kwa kuwa hawasumbui mtu.

Dada yangu alifanya kila aliloweza. Alimpeleka hospitali, masikio yakaonekana mazima. Alizungumza na ofisa ustawi wa jamii, naye akashauri mtoto apewe nafasi ya kucheza na kuchora, asilazimishwe kusema. Jirani ndiye aliyetutajia shule ya chini ya mwembe.

Wiki sita za mwanzo alichora kitu kimoja tu: mstatili mweusi. Mwalimu hakumuuliza ni nini. Alimpa karatasi nyingine. Wiki ya saba, kwa maelezo ya mwalimu, mtoto alimvuta shati akasema, "Babu, nyeusi imeisha." Yalikuwa maneno matatu. Dada yangu aliposimuliwa alikaa chini palepale barazani.

Sisemi kwamba kuchora kulimtibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO), ofisi ya Ulaya, lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na ikaonyesha kwamba sanaa ina mchango katika kuzuia maradhi, kumsaidia mgonjwa kuishi na hali yake, na katika makuzi ya mtoto. Mchango huo hauchukui nafasi ya daktari wala mshauri nasaha. Kwa mpwa wangu, sanaa ilifanya kazi pamoja na muda, mama yake, na mwalimu aliyejua kusubiri.

Sasa unaweza kuelewa kwa nini notisi ya kiwanja ilitutisha. Mtoto aliyekwisha kupoteza baba alikuwa anaenda kupoteza mahali alipopatia sauti yake.

"Kila mtu aje na rangi ya kwao"

Dada yangu alitaka amfiche. Mpango wake ulikuwa kumwambia kwamba Jumamosi zimebadilishwa kuwa za tuisheni, basi. Tulibishana jikoni usiku mzima. Mimi nilisema mtoto aliyezikiwa baba hapaswi kufichwa kifo cha pili. Yeye alisema, "Wewe huna mtoto, hujui." Hilo ni kweli, na sikuwa na jibu.

Aliyemaliza ubishi ni mwalimu. Alituma ujumbe kwenye kundi la wazazi: Jumamosi ya mwisho watoto wote waje, tutafanya matanga ya shule. Hakuna kununua rangi. Kila mtu aje na rangi ya kwao, iliyotoka jikoni, uani au njiani.

Wazazi wengine walicheka. Mmoja akaandika, "Kwetu rangi gani tena, mwalimu, zaidi ya masizi ya sufuria?" Mwalimu akamjibu, "Hayo hayo."

Siku hiyo nilikwenda na mpwa wangu, naye akiwa amebeba mfuko wa mkaa aliousaga mwenyewe. Chini ya mwembe, juu ya mikeka miwili, nikakuta vifuu vya nazi na makopo ya maziwa vimejaa. Bizari ya manjano. Kahawa iliyopondwa. Majivu. Udongo mwekundu uliochimbwa pembeni mwa barabara inayotengenezwa. Majani ya mchicha yaliyotwangwa. Maganda ya vitunguu yaliyochemshwa. Choya kavu iliyolowekwa mpaka maji yakawa mekundu kama sharubati. Mtoto mmoja alileta hina ya mama yake, mwingine chokaa iliyobaki walipopaka ukuta wa nyumba.

Mwalimu akaanza somo lake la mwisho kwa swali: Kiswahili kina rangi ngapi?

Watoto walitaja nyingi. Yeye akawaambia watazame vizuri. Rangi zenye jina lake lenyewe, zinazobadilika kufuata kitu chenyewe, ni tatu: gari jeusi, kiti cheupe, udongo mwekundu. Nyingine zote zimeazima jina kwa vitu. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Manjano ni bizari. Kahawia ni kahawa. Zambarau na chungwa ni matunda. Samawati imetoka kwenye neno la Kiarabu la mbingu. Kuna damu ya mzee, na kuna maji ya kunde, ambayo tunaitumia kwa ngozi ya mtu. "Kwa hiyo," akasema, "ukijua Kiswahili tayari unajua rangi zinapatikana wapi. Dukani ni mahali pamoja tu."

Nimesoma Kiswahili mpaka kidato cha sita, na sijawahi kuambiwa hivyo.

Kisha akachukua bizari iliyokorogwa, akaipaka kwenye karatasi, akachovya kijiti kwenye maji ya magadi na kuandika juu yake. Manjano ikageuka nyekundu ya kutu papo hapo. Watoto wakapiga kelele. Akafanya vivyo hivyo kwa choya: limau likaifanya nyekundu zaidi, magadi yakaivuta kwenye buluu. Ni kemia ya sekondari, tindikali na besi, inafundishwa kwa vifuu vya nazi.

Akawaambia na jambo jingine, ambalo lilinigusa zaidi. Manjano ya bizari haidumu. Ukiibandika ukutani, jua litaila ndani ya wiki chache. Mkaa haufi upesi hivyo, na udongo mwekundu haufi. Akawatajia michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, ambayo Unesco iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu na wanyama wale wengi ni wekundu, na wekundu wao umetoka kwenye mawe na udongo wenye chuma. Waliochora hawakuacha majina. Rangi yao ipo.

"Picha ya manjano iwekeni ndani ya daftari," akawaambia, "muifungue mnapoihitaji."

Beti za kuagia

Matanga yana maneno yake, kwa hiyo mwalimu akataka utenzi. Aliwafundisha watoto kuhesabu mizani kwa vidole: nane kwa kila mstari, mistari mitatu ya mwanzo vina vifanane, wa nne ubebe kina cha utenzi mzima. Walikaa makundi makundi, wakinong'ona na kukunja vidole. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa akigombana na mwenzake kama "mkaa" ni mizani mbili au tatu. Ni tatu.

Kundi la kwanza lilisoma:

Leo tumeketi chini
Mkekani kivulini
Rangi zetu mikononi
Shule tunakulilia

Kundi la pili:

Mkaa wa jiko letu
Wachora huzuni yetu
Manjano furaha yetu
Nayo imetukimbia

La tatu lilikuwa la wadogo kabisa, wale wa mchicha:

Jani tumelisugua
Karatasi yachanua
Mwembe watauchukua
Jani litatusalia

Hapo mzazi mmoja, baba mwenye mwili mkubwa anayeuza vipuri vya pikipiki, aliinuka akaenda kusimama nyuma ya choo. Alirudi macho yamemwiva. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mpwa wangu hakuwa kwenye kundi lolote. Alikuwa peke yake kwenye shina la mwembe na mkaa wake. Mwalimu alipomtazama, alisimama. Nimemwomba ruhusa ya kuuandika ubeti wake hapa, akaniambia, "Sawa mama mdogo, lakini usiandike jina."

Baba alipoondoka
Sauti ilinitoka
Hapa nikaja kupaka
Rangi zikanililia

Dada yangu alikuwa amefika wakati huo, amesimama getini na mfuko wa vitumbua alivyokuja navyo kwa ajili ya watoto. Aliusikia ubeti wote. Mkononi alikuwa na kaniki ya bibi yetu, ile nguo nyeusi ya zamani ambayo zamani hizo ilitiwa rangi ya nili. Alikuja nayo wafungie picha wakati wa kuhama. Alimfunga nayo mtoto mabegani, wakaenda kukaa mkekani. Hawakuzungumza mengi. Walikula vitumbua.

Kabla ya saa sita mwalimu aliwaambia watoto wakunje mikeka wao wenyewe, kila mmoja ashike pembe. Ndivyo matanga yanavyoanuliwa, akasema: waliokaa ndio wanaoinua. Kisha akagawa brashi zake moja moja, kwa kuanzia na mdogo kabisa.

Kwa mzazi anayesoma

Nimeulizwa na marafiki kama haikuwa kuwaongezea watoto huzuni. Nilichokiona mimi ni watoto waliorudi nyumbani wamechoka, wamechafuka, na wanajua kitu gani kimekwisha. Mtoto asiyeambiwa ukweli hujitungia wake, na mara nyingi katika huo anaotunga yeye ndiye mkosaji: shule imefungwa kwa sababu nilimwaga rangi, baba amekufa kwa sababu nilimkasirisha. Maneno mafupi ya kweli yanamwondolea mzigo huo. Sema "imefungwa", sema "amefariki". Usiseme "amesafiri" wala "amelala", maana mtoto atamsubiri msafiri, na ataogopa kulala.

Kama kimya, kukosa usingizi au kukataa chakula kunaendelea kwa wiki nyingi, au mtoto anazungumzia kutaka kufa, usisubiri. Nenda kituo cha afya au kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata yako. Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo kupiga ni bure.

Kuhusu rangi zenyewe, kwa kuwa wengi mtataka kujaribu: pika uji mwembamba wa unga wa muhogo au ngano, uache upoe, kisha changanya na bizari, kahawa, mkaa uliosagwa au udongo uliochekechwa. Uji ndio unaoshikisha rangi kwenye karatasi. Tengeneza kidogo, maana kesho yake unachacha. Magadi yashikwe na mtu mzima, yasiingie machoni. Udongo usichimbwe karibu na gereji, dampo au barabara kubwa.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa rangi za mafuta za kupakia milango na vyuma. Baadhi ya rangi za aina hiyo, hasa za zamani, zina madini ya risasi. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Madini hayo huathiri ubongo unaokua. Kopo lililobaki baada ya fundi kupaka geti si la mtoto kuchezea. Na kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama: ile "hina nyeusi" inayokauka haraka mara nyingi imetiwa kemikali za kupaka nywele ambazo huunguza ngozi.

Kilichobaki

Mwalimu alipenda kuwasimulia watoto habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Kusini, upande wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mbao za ujenzi, kwa rangi ya kupakia baiskeli, na kuviuza karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Hakuwa na chuo. Aliwafundisha ndugu na jamaa zake wachache wakiwa wameketi chini. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Wale wachache wakafundisha wengine, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Siku za nyuma niliichukulia hiyo kuwa hadithi ya kutia moyo. Sasa naiona pia upande wake wa pili: walibaki na mahali pa kukaa. Walikuwa na kibaraza, na watu wa kununua. Watoto thelathini wa mwembe wetu wametawanyika, wengine wamehamia tuisheni, wengine wako kwenye simu za mama zao. Mtaala mpya wa shule za msingi una somo la Sanaa na Michezo, na nalifurahia. Ila darasa la watoto wengi na mwalimu mmoja si mahali ambapo mtu atamwacha mtoto achore mstatili mweusi wiki sita bila kumuuliza ni nini. Hilo ndilo tulilopoteza, na sijui tutalipata wapi kwa Sh10,000 kwa mwezi.

Mwembe ulikatwa Jumanne. Mwalimu amerudi kwao Masasi na hutuma salamu kwenye kundi kila Ijumaa. Jumamosi asubuhi watoto wanne huja barazani kwetu, wanatandika mkeka, mkubwa wao akiwa mpwa wangu. Hawana mwalimu, lakini wanagombana vizuri kuhusu mizani. Dada yangu anawaachia mkaa wa jana na vifuu. Amewawekea sharti moja tu, kwamba bizari ya kupaka na bizari ya kupikia zikae makopo tofauti, kwa sababu wiki iliyopita mchuzi wetu wa samaki ulikuwa na ladha ya udongo.